Lakiri Juu ya Jalada

Mtu apelekaye daawa yake mahakamani huenda akidhani kwamba anapeleka haja yake tu, aipate au aikose, kisha arudi nyumbani kwake kama alivyotoka. Lakini hakika ni kwamba siku ile anayotia sahihi hati ya madai na kulipa ada, huwa amekwisha kuweka sehemu ya maisha yake katika nyumba isiyokuwa yake, ambamo maneno yake, na maneno ya adui yake juu yake, na ya mashahidi, na ya tabibu, na ya benki, yataandikwa, yatatiwa namba, na kuhifadhiwa kwa miaka ambayo yeye mwenyewe huenda asiifikie. Hukumu hutolewa siku moja, jalada hubaki. Ndiyo maana katika nchi zenye mahakama za wazi huzuka ombi la namna ya pekee, lisilodai fedha wala ardhi wala mtoto, bali lamtaka jaji aamuru kwamba maandishi ya shauri, yote au baadhi yake, yafungwe na kutiwa lakiri, yasisomwe na mtu ila yule atakayepewa idhini. Nataka kulitazama ombi hili kwa makini, kwa sababu ndani yake wamo watu wa namna mbili walio mbalimbali sana kwa nia, yule anayeomba sitara na yule anayeomba giza, nao huja mbele ya meza moja, kwa karatasi za namna moja, wakisema maneno yanayofanana.

Tuanze na uwazi wenyewe, maana hawezi mtu kujua lini mlango ufungwe ikiwa hajui kwa nini uliachwa wazi. Wengi hudhani kwamba mahakama huwa wazi ili walimwengu wapate habari za watu, na kwa kudhani hivyo huona kwamba habari ikiwa ya aibu au ya huzuni, basi ni murua kuificha. Dhana hiyo si sahihi. Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa sheria wa Kiingereza aliyefariki 1832, alifundisha kwamba hadhara iliyoketi mahakamani kazi yake ni kumtazama hakimu, ili naye, katika saa ile ile anayowahukumu wenzake, awe anahukumiwa. Na mwenye kufikiri sawasawa ataona kwamba mdai na mdaiwa na mashahidi hutazamwa kwa dharura tu, kwa kuwa haiwezekani kuiona kazi ya hakimu pasipo kuwaona watu anaowafanyia kazi hiyo. Hakimu ameshika nguvu asiyokuwa nayo mtu mwingine yeyote katika mji: huvunja ndoa, humtoa mtoto kwa mama akampa baba, humwondoa mtu katika shamba lililolimwa na babu yake, hufunga, na katika nchi nyingine huamuru kifo. Nguvu ya namna hiyo ikitumiwa pasipo macho ya watu huharibika, hata ikiwa mikononi mwa mwema.

Wazee wa pwani yetu walikuwa na elimu hii zamani sana. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki 1277, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani wamekisoma mbele ya mashekhe wao, imetajwa miongoni mwa adabu za kadhi kwamba aketi mahali pa nafasi na pa kuonekana, na kwamba si vizuri aweke bawabu wa kuwazuia wenye haja. Lakini fikihi ile ile iliyomtoa kadhi hadharani ilimpa pia njia ya faragha: alipotaka kujua kama shahidi ni mwadilifu, aliweza kutuma watu wamchunguze kwa siri, kwa sababu jirani aulizwaye mbele ya umati huona haya au hofu kusema alijualo, na kwa sababu si insafu kumwanika mtu aibu zake zote ati kwa kuwa ameitwa kutoa shahada juu ya mpaka wa shamba la mwenziwe. Fikira hii naiona kuwa na thamani kubwa. Uwazi na siri havikugawanywa kwa kupima jambo lipi ni zuri na lipi ni baya. Viligawanywa kwa kuuliza ni kazi ya nani inayofanyika. Kazi ya kadhi ilikuwa ya watu wote. Jeraha la mtu lilikuwa lake.

Sasa tuingie masjala. Jalada la shauri la madai, kama likaavyo rafuni katika mahakama nyingi za Afrika Mashariki, ni kitu kidogo cha kutazama: karatasi ngumu iliyofifia rangi, namba na mwaka juu yake, majina mawili na kati yake maneno “dhidi ya”, uzi uliopitishwa tunduni pembeni, na ndani yake hati za viapo zenye mihuri, barua za mawakili, vielelezo, na mwenendo wa shauri ulioandikwa kwa mkono wa hakimu, tarehe baada ya tarehe. Zamani mwenye kutaka kulisoma ilimbidi aje kwa miguu yake, aombe, alipe ada, angoje karani alitafute, kisha alisome pale pale huku akitazamwa. Jalada lilikuwa wazi, lakini taabu ya kulifikia ilikuwa sitara ya kutosha kwa watu wengi, nayo Mahakama Kuu ya Marekani iliitambua sitara hiyo 1989, ilipoamua kwamba kumbukumbu za makosa ya mtu mmoja, ambazo kila moja ilikuwa wazi mahali pake katika mahakama na vituo vya polisi vya wilaya mbalimbali, zikikusanywa pamoja huwa ni jambo jingine kabisa. Leo taabu hiyo imeondoka. Hukumu za Kenya husomwa bure katika hifadhi ya Kenya Law, na za Tanzania katika TanzLII, na mimi nasema hii ni neema kubwa, kwa kuwa mwanafunzi wa Mbeya na mkulima wa Kilifi wamepata kile kilichokuwa zamani kikikaa katika maktaba za mawakili wakubwa tu. Ila kwa mlango huo huo mwajiri, na mchumba, na jirani mwenye husuda, huingia usiku wa manane, akaandika jina, akasoma balaa ya mtu ya miaka ishirini iliyopita kana kwamba ilitokea jana. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikutana na tatizo hili 2014, katika shauri la Mhispania aliyelalamika kwamba jina lake lilipotafutwa katika Google lilileta tangazo la gazeti la 1998 la mnada wa mali yake kwa ajili ya deni lililokwisha zamani. Nayo ikaamua kwamba mtu wa namna hiyo aweza kudai kiungo kile kiondolewe katika matokeo ya jina lake, ingawa gazeti lenyewe labaki kama lilivyo.

Ni wepesi, basi, kumhurumia kila aombaye lakiri. Lakini liko shauri la Uingereza, Scott dhidi ya Scott, ambalo kila hakimu angepaswa kulisoma kabla ya kuitoa huruma hiyo. Mke alikwenda mahakamani kuomba ndoa yake itangazwe kuwa batili kwa sababu mumewe hakuweza kutimiza unyumba, na kwa kuwa habari hizo ni za chumbani, mahakama iliamuru shauri lisikilizwe kwa faragha. Akashinda. Kisha yakamfikia maneno ambayo mumewe alikuwa akiyasema juu yake, maneno ya kumvunjia heshima, naye kwa kutaka kujitetea akachukua nakala ya mwenendo wa shauri akawapelekea baba wa mume, na dada wa mume, na mtu mmoja mwingine. Kwa tendo hilo yeye na wakili wake wakatiwa hatiani kwa kuidharau mahakama. Alikata rufani asisikilizwe, akafika mpaka Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya nchi ile, na huko 1913 malodi wakaitengua hatia, wakasema kwamba haki hutendwa hadharani, kwamba haya ya watu kusikia mambo ya unyumba haitoshi kuufunga mlango, na kwamba yule anayetaka ufungwe lazima athibitishe kuwa pasipo kuufunga haki yenyewe haitapatikana. Hawakusema kwamba siri haiwezekani kamwe. Waliyatenga mashauri ya watoto walio chini ya ulinzi wa mahakama, na ya wagonjwa wa akili, na ya siri za ufundi na biashara ambazo kuzitangaza kungekuwa ndiko kuiangamiza haki iliyokuja kutafutwa.

Kinachonishughulisha katika habari hii ni hali ya yule mke. Sitara iliwekwa kwa ajili yake, au ndivyo ilivyosemwa. Akakaa ndani yake, na siku alipohitaji kutoka ili aonyeshe kwamba ni mkweli na timamu, akakuta kwamba pazia lililotundikwa kumficha limekuwa kosa la jinai kwake kuligusa. Wanasheria hulitaja shauri hili kuwa ni ushindi wa wasomaji wa magazeti, na ni kweli, lakini mimi naliona kwanza kuwa ni ushindi wa mwanamke mmoja aliyekatazwa kuusema ukweli wa maisha yake mwenyewe kwa jina la heshima yake. Lakiri haichagui. Humfunga mdhalimu asisemwe, na humfunga mdhulumiwa asiseme, na aghalabu yule wa pili ndiye anayehisi kamba zikikaza, kwa kuwa wa kwanza alikuwa akitaka kimya tangu mwanzo.

Kutoka hapo twende Boston, mji wa Marekani, ambako hatari ya lakiri ilionekana kwa namna ya kutisha zaidi. Padri mmoja aitwaye John Geoghan alishtakiwa na watu wengi kwamba aliwachafua walipokuwa watoto, katika parokia kadhaa, kwa muda wa miaka thelathini. Na idadi ya waliojitokeza ilipita 130. Mashauri ya madai yalikuwa mengi, na katika majalada yake zilikuwamo barua za wakubwa wa kanisa zilizoonyesha walijua nini, na walijua lini, na kwa nini alihamishwa kutoka parokia moja akapelekwa nyingine yenye watoto wengine. Barua hizo zilikuwa zimefungwa kwa amri ya mahakama. Malalamiko mengine juu ya mapadri wa jimbo la kanisa la Boston yalikuwa yamekwisha kwa mapatano ya siri: mlalamikaji alipokea fedha, akatia sahihi kwamba hatasema, na wakili wa kila upande akaridhika. Mwaka 2001 gazeti la Boston Globe liliiomba mahakama iondoe lakiri, jimbo likapinga, na mnamo Novemba Jaji Constance Sweeney akaamuru maandishi yafunguliwe. Habari ya kwanza ilitoka tarehe 6 Januari 2002, barua zikafuata kusomwa na kila mtu, na kabla mwaka haujaisha Kardinali Bernard Law alikuwa amejiuzulu uaskofu wa Boston. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Lakini hapa waliofikwa na mauti ya roho hawakuwa wale walioficha.

Tuitafakari basi ile meza ya mapatano. Wameketi watu wawili, mwenye kudai na mwenye kudaiwa, na wote wawili wanataka jalada lifungwe, huyu kwa kuona haya na kuchoka, yule kwa hofu ya sifa yake. Mbele ya jaji hakuna anayepinga. Katika shauri la kawaida makubaliano ya pande mbili ni furaha ya mahakama, na jaji mwenye mashauri mia mezani pake hana sababu ya kuyachunguza. Hutia sahihi, karani hugonga muhuri, na jambo limekwisha. Lakini yuko mtu wa tatu ambaye hakuitwa, naye ni yule mtoto wa parokia ya pili, ambaye siku mapatano yalipotiwa sahihi alikuwa bado akicheza na hajaguswa na mtu. Yeye hana wakili. Hana hata jina katika shauri, maana hajawa mdai wa kitu chochote, na kitakachomfanya awe mdai ni kule kutojulikana kwa jambo ambalo wakati ule lilikuwa limeandikwa, limetiwa namba, na limefungwa. Nasema kwamba kila ombi la kutia lakiri lina mtu wa tatu wa namna hii: aweza kuwa mnunuzi wa dawa yenye madhara, au mfanyakazi atakayeajiriwa kesho na bwana mwenye tabia mbaya, au mpangaji wa nyumba yenye nguzo mbovu. Ridhaa ya wawili waliopo haiwezi kuwa ridhaa yake. Na kwa kuwa hayupo, hakuna wa kusema kwa niaba yake isipokuwa jaji, ambaye katika ombi hili, na pengine katika hili tu, hana ruhusa ya kungoja apingwe ndipo ahoji.

Huenda mtu akauliza: je, kwa hoja hii hatutamwanika pia yule mtoto aliyekwisha kuumizwa? La, hasha. Hapo ndipo faida ya kuitenga kazi ya hakimu na jeraha la mtu inapoonekana. Mtoto aliyeharibiwa, na mwanamke aliyenajisiwa, na mgonjwa ambaye maradhi yake yameandikwa katika cheti cha tabibu, na shahidi ambaye atauawa akijulikana, hawa jeraha lao halimsaidii mtu yeyote kuipima kazi ya mahakama likisomwa pamoja na majina yao. Sheria za kwetu zimelifahamu jambo hili. Tanzania, kwa mabadiliko yaliyoletwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, iliagiza kwamba ushahidi katika mashauri ya makosa hayo upokewe kwa faragha na usitangazwe magazetini. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 50, imempa kila mshtakiwa haki ya kusikilizwa hadharani, na katika ibara hiyo hiyo imeruhusu hadhara na waandishi watolewe pale inapokuwa lazima kuwalinda mashahidi na watu wanyonge, au maadili, au utulivu na usalama wa taifa. Na katika hukumu za familia zinazochapishwa Kenya, mara nyingi utawakuta wahusika wametajwa kwa herufi za mwanzo za majina yao, huku hoja za jaji zikisomeka neno kwa neno. Marekani nayo tangu 2007, katika mahakama zake za shirikisho, imewataka wanaowasilisha hati za madai waandike herufi za mwanzo tu za jina la mtoto, na mwaka tu wa kuzaliwa kwa mtu, na tarakimu nne tu za mwisho za akaunti yake ya benki. Mstari mmoja ukifutwa kwa wino mweusi hutosha mahali ambapo wavivu wangeomba jalada zima lizikwe. Hakuna anayenyimwa kitu. Msomaji aona mahakama imetenda nini na kwa nini, na mtoto akua, akaolewa au akaoa, pasipo jina lake kumfuata.

Walio katika tabu nyingine ni wale walioshtakiwa wakaachiwa, au waliotenda kosa dogo ujanani, wakatumikia adhabu, wakaishi baadaye kwa wema. Jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria 2018 ya kufunga kumbukumbu za makosa fulani zenyewe, mwenye nazo asilazimike kuajiri wakili wa kumwombea, na mimi naiona ni sheria yenye ubinadamu, maana adhabu isiyokuwa na mwisho haikutajwa na hakimu yeyote katika hukumu yake. Lakini hata hapa huruma yangu inakoma mbele ya mtu mwenye cheo cha umma. Yule anayeomba kura za watu, au aliyeshika fedha zao, hawezi kuidai sitara ile ile ya kijana aliyeiba baiskeli.

Yabaki mambo ya utaratibu, nayo si madogo, kwa kuwa haki nyingi hupotea mikononi mwa utaratibu. Ombi la lakiri lisiwe lenyewe siri: tangazo lake liwekwe mahali watu wanaposomea matangazo mengine ya mahakama, ili mwenye kuhusika apate kuja kusema. Jaji akikubali, aandike sababu zake kwa shauri lile, si kwa maneno ya kunakili yanayofaa kila shauri, na sababu hizo zikae nje ya lakiri. Jina lake, na tarehe, na aina ya shauri, na mwisho wake, vibaki wazi, kwa maana hivyo ni kazi yake yeye na si jeraha la mtu. Na amri iwe na muda. Mtoto aliyelindwa akiwa na umri wa miaka saba aweza kuwa mtu mzima mwenye kutaka kusema, naye asikute, kama alivyokuta yule mke wa 1913, kwamba hifadhi yake imekuwa kifungo chake.

Juu ya yote hayo liko swali la nani ataifanya kazi ya kupinga. Boston Globe lilikuwa na mawakili, na fedha za kuwalipa, na subira ya miezi mingi. Mama wa Tanga anayeshuku kwamba kiwanda kilichomwumiza mwanawe kilikwisha kuwaumiza wana wa wenziwe, na kikamalizana nao faraghani, hana mojawapo ya hayo, wala hajui namba ya jalada ambalo angeomba lifunguliwe. Sheria inayosema kwamba jalada lililofungwa litafunguliwa atakapotokea mtu wa kuonyesha sababu, humwambia mama huyu athibitishe yaliyomo katika karatasi alizokatazwa kuziona. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha haufai kamwe kuhamia kwake. Ukae juu ya yule aliyeomba lakiri, na ukae juu yake tena kila muda wa amri unapokwisha, hata kama siku ya kusikilizwa ombi hakuna mtu mwingine aliyefika mahakamani.